Kanuni Zilipogombania Ng'ombe Waliokonda

Binti yangu wa mwisho anasoma Mbarara. Amepanga chumba Kamukuzi, si mbali na maofisi ya serikali, na Jumamosi nyingi huja kwetu Rubondo na laptopu yake ndani ya mfuko wa kitenge alioshonewa na mama yake. Akifika husalimia, hunywa maji, halafu huuliza kama sola ya kanisa imeshiba jua. Mimi ni mzee wa kanisa na funguo ninazo mimi, kwa hiyo swali hilo ni langu. Nikisema umeme upo, tunakwenda pamoja. Yeye huchomeka waya wake nyuma ya meza ya sadaka, mimi hufagia na kupanga mabenchi ya ibada ya kesho. Katika saa hizo, yeye akingoja mashine imalize kazi na mimi nikiwa na ufagio mkononi, ndipo nilipoelewa polepole anachosomea.

Kwa lugha ya nyumbani, kazi yake ni kutafuta kanuni ya hesabu ambayo bado hakuna aliyeiandika. Una vipimo: mzingo wa kifua cha ng'ombe huyu ni huu, urefu wa mwili wake ni huu, na akipanda mizani ana kilo hizi. Unataka kujua njia ya kutoka kwenye utepe hadi kwenye kilo, ili kesho mtu mwenye utepe tu asihitaji mizani. Mwalimu wa zamani angechukua karatasi akajaribu mwenyewe. Binti yangu ameandika programu inayoanza na kanuni nyingi zilizotungwa ovyo, nyingine za kijinga kabisa: jumlisha kifua na urefu, gawanya urefu kwa urefu, zidisha vyote kwa saba. Kila kanuni inajaribiwa juu ya ng'ombe waliokwisha kupimwa. Zinazokosea sana zinatupwa. Zinazokosea kidogo zinabaki na kuzaa: kipande cha hii kinaunganishwa na kipande cha ile, au alama ya kujumlisha inageuka ya kuzidisha bila sababu yoyote. Watoto wao nao wanajaribiwa, na wajukuu, mpaka kizazi kimoja kikaribie ukweli.

Mama yake alipoelezwa haya jikoni aliuliza swali moja tu.

"Na nani iko nazichunga?"

"Ni mimi, Mama."

"Basi ulikimbia bang'ombe ukaenda kuchunga mahesabu."

Tulicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Sisi ni wafugaji kutoka milima ya Kivu ya Kusini. Tulifika hapa Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, bila ng'ombe hata mmoja, na kwa neema ya Mungu sasa tuna watatu, majirani wengine wanao wengi kuliko sisi, na ugomvi wa malisho na wakulima tunaumaliza kwa mazungumzo inapowezekana. Shida yetu kubwa ni minyoo na kupe. Dawa zinauzwa Kabingo, na muuzaji wa pale, kijana Mnyankore mwenye haraka, akikuona mlangoni huuliza, "Kubwa ama ndogo?" Ukisema mkubwa anakupa kipimo cha mkubwa. Ukisema mdogo anakupa cha mdogo. Lakini dawa hufuata kilo. Ikipungua, minyoo inaizoea. Ikizidi, mnyama dhaifu anaweza kulala asiinuke. Kuna tepu zinazotoka ng'ambo zilizoandikwa kilo moja kwa moja, ila zimetengenezwa kwa ng'ombe wa huko, wanene, wa miguu mifupi. Ng'ombe wetu ni wa pembe ndefu, mrefu na mwembamba ubavuni. Tepu ile inamsingizia kilo ambazo hana.

Hiyo ndiyo kanuni aliyokuwa akiitafuta, na hakuitafuta kwa kujifurahisha. Wafadhili wake walikuwa wamesema watalipa hadi mwisho wa muhula ule, basi. Kama asingepeleka kazi iliyokamilika, yenye kanuni inayoshika hata kwa ng'ombe ambao programu haijawahi kuwaona, angerudi Rubondo bila shahada. Kurudi si aibu, kila mtu hapa amerudi kutoka mahali fulani. Lakini alikuwa amekaa juu ya kazi ile muda mrefu, na mimi na mama yake tulikuwa tukiiombea kila asubuhi, kwa maneno yale yale, hadi mama yake akasema Mungu sasa ameyashika kwa moyo.

Chuo kilimwazima mizani, sahani ya chuma ambayo ng'ombe husimama juu yake, ikaletwa kwa gari na kuwekwa uwanjani kando ya kanisa. Nilitangaza baada ya ibada kwamba mwenye ng'ombe amlete apimwe, hakuna malipo, hakuna kodi, wala hakuna mtu wa ofisi nyuma ya jambo hili. Hilo la ofisi nililirudia, maana mfugaji hapendi mifugo yake ijulikane idadi.

Walikuja. Wallahi sisemi, mimi ni Mkristo, lakini ungeona ungeshangaa. Ng'ombe walikuwa wameoshwa miguu, kupe wametolewa mmoja mmoja, pembe zimepakwa siagi zikang'aa. Watu walikuja kama wanaopeleka mahari. Kila ng'ombe aliyepanda mizani, mwenyewe alisimama kando akiwa amevaa koti la Jumapili, akisikiliza kilo zikitajwa, na wengine wakaguna kwa kukubali. Dume moja lilikataa kupanda, likamburuta mwenyewe hadi kwenye ua wa kanisa, na mwenyewe akasema kwa utulivu kwamba dume lake lina haraka ya kumwabudu Mungu. Binti yangu alizungusha utepe vifuani, akapima urefu kutoka begani hadi nyongani, akaandika. Mimi nilileta wawili wangu. Jioni mama yake aliwapikia wote waliosaidia ugali na maharage, tukamshukuru Mungu kwa siku ile.

Matokeo ya kwanza yalikuwa mazuri mno. Kanuni zilikosea kilo chache tu. Mwalimu wake, mama mmoja kutoka mashariki ya Uganda, kwa watu wanaolima mtama, alimpongeza. Lakini binti yangu hakuridhika na jinsi programu ilivyofanya kazi, na wiki nyingi alikuwa akiitengeneza upya kanisani huku mimi nikipanga mabenchi.

Shida ya kwanza ilikuwa urefu. Kanuni zilipoendelea kuzaana zilizidi kurefuka, mpaka moja ikajaza kioo chote cha laptopu, mabano ndani ya mabano. Haikuwa na akili zaidi ya zile fupi. Sehemu kubwa yake ilikuwa haifanyi kitu, kama kuongeza tano kisha kutoa tano. Akaziwekea kanuni ushuru: kila alama inayoongezwa inalipiwa, na kanuni ndefu lazima ikosee kidogo sana ili istahili urefu wake. Zikapungua.

Shida ya pili ilinihusu. Aliniambia kwamba baada ya vizazi vichache kanuni zote zinafanana, na hakuna jipya linalozaliwa. Akaniuliza kama mfugaji ningefanya nini. Nilijibu bila kusita kwamba dume likizaa vizuri unalibakiza, unaliacha lipande zizi lote.

"Papa, ndiyo hiyo iliniharibia," alisema. "Kanuni moja ilipata bahati mapema, nikaiacha izae na zote. Sasa zizi lote ni mtu na dada yake."

Nilirudi kwenye ufagio wangu. Nilipokuwa nimefika mlangoni nikakumbuka kwamba baba yangu, kule milimani, alikuwa akiazima dume kutoka ng'ambo ya mto kwa sababu hiyo hiyo. Nilipomwambia binti yangu, alikuwa amekwisha kuligawa zizi lake katika mazizi madogo, kila moja likizaana peke yake, na mara chache tu kanuni moja ikihamishwa kwenda kwa jirani. Kanuni changa nazo zilishindanishwa na changa wenzake kwanza, zisikanyagwe na zile za zamani kabla hazijasimama. Na kabla ya kuihukumu kanuni yoyote, programu iliirekebishia tarakimu zake, kwa maana kanuni yenye umbo zuri inaweza kutupwa kwa sababu imeandikwa mbili mahali pa tatu. Kompyuta ilifanya kazi zaidi, sola ikalalamika, lakini mazizi yakaanza kutoa kanuni za sura tofauti kweli kweli.

Jumamosi moja alifungua laptopu akabaki akikitazama kioo bila kugusa kitu. Nikamwuliza kama sola imekwisha. Akasema hapana, akaniita nije nione.

Kila zizi lilikuwa limempa kanuni yake bora. Moja ilizidisha kifua kwa kifua kisha kwa urefu. Nyingine ilijumlisha tu. Ya tatu haikutumia urefu kabisa. Zote zilikosea karibu sawa juu ya ng'ombe wetu, huwezi kusema ipi inashinda. Alikuwa amezichora kama mistari. Upande wa kulia na katikati mistari ilikwenda pamoja kama watu wa familia moja wanaokwenda kanisani. Upande wa kushoto, kwenye vifua vidogo, ilitengana, mmoja juu, mmoja chini, mmoja ukakata kona.

"Hapa zinagombana," alisema akiweka kidole kushoto. "Zamani nilikuwa na aina moja tu ya kanuni, sikuweza kuona. Kila moja inasema yake, na hakuna ng'ombe wa kuzihukumu."

"Hakuna hata mmoja?"

Akaonyesha nukta, kila nukta ng'ombe mmoja. Zilijaa katikati na kulia. Kushoto palikuwa peupe.

"Hawa ni ng'ombe wa namna gani, wa hapa peupe?" nikauliza.

"Wakubwa kwa umri, wadogo kwa kifua," alisema. "Waliokonda, Papa."

Tulitazamana. Kwetu mgeni haonyeshwi ng'ombe aliyekonda. Si uongo, ni heshima, kwa mgeni na kwa ng'ombe mwenyewe. Mgeni akija, waliokonda wanabaki nyuma ya boma au wanapelekwa malisho ya mbali, na wazuri wanapitishwa mbele yake. Hakuna anayefundishwa hilo, mtoto analikuta. Mizani ilikuja kama mgeni, ikapokelewa kama mgeni. Mimi mwenyewe nina ng'ombe watatu na nilipeleka wawili. Wa tatu, ng'ombe jike mzee aliyetuzalia hao wawili, alishinda siku ile amefungwa nyuma ya jiko, na mke wangu alibaki naye asije akalia.

"Na mimi nilikuwa nasimama pale na utepe," alisema binti yangu. "Nilifurahi kuona bang'ombe bazuri. Sikuuliza bengine bako fasi gani. Kama ningekuwa mutoto wa mukulima ningeuliza."

Akaeleza, nami nikaelewa, kwamba jambo hili si la mistari tu. Ng'ombe mwenye minyoo ndiye anayekonda. Jedwali la dawa lingetumika kwa yule yule ambaye hatukumpima. Nilimwomba aniambie kanuni zake zinasema nini juu ya ng'ombe wetu wa nyuma ya jiko. Alikwenda kumpima, akarudi, akaandika vipimo. Kanuni moja ilimpa kilo za ng'ombe mzima mwenye afya. Nyingine ilimpa karibu nusu yake.

Alikaa kwenye benchi la mbele. Muhula ulikuwa ukielekea mwisho, na mizani ilikuwa irudi chuoni wiki ile ile. Kazi aliyokwisha kuifanya ilikuwa imesifiwa, na tarakimu zake zilikuwa nzuri.

"Nikinyamaza, nitapita," alisema. "Nikianza tena, labda sitamaliza."

Ningeweza kumpa maneno ya kanisani, ninayo mengi, lakini yeye ndiye angelipa. Nilimaliza kupanga mabenchi. Alipofunga laptopu alisema tu kwamba anahitaji ng'ombe waliokonda, wengi kadiri itakavyowezekana, na kwamba hajui atawaombaje watu.

Kuomba ilikuwa kazi yangu. Kesho yake, baada ya ibada, niliwazuia wanaume nje ya mlango nikawaeleza. Niliwaambia mizani imeshiba ng'ombe wazuri, sasa inataka wale wengine. Mzee mwenzangu wa kanisa, rika langu, tuliyetoka naye mlima mmoja, alijikung'uta koti.

"Muzee, unataka tupeleke aibu yetu kwa mizani, mbele ya batu?"

Nikasema ndiyo.

"Batasema Rubondo tunafuga mifupa."

"Wanasema tayari," nikamwambia. "Muuzaji wa Kabingo anakuuzia dawa kila mwezi. Unafikiri anadhani unakunywa wewe?"

Wengine walicheka, yeye hakucheka. Mmoja aliuliza kama picha zitapigwa. Nikasema hapana. Mwingine akasema ng'ombe wake hajakonda, ni mwembamba kwa kuzaliwa. Wakaondoka bila kuahidi.

Asubuhi iliyofuata nilimfungua wa kwangu kutoka nyuma ya jiko. Mke wangu alitaka kumwosha, nikakataa, kisha nikamwacha amwoshe uso. Njia ya kwenda kanisani inapita kisimani, na asubuhi kisima cha pampu kina foleni ya madumu na akina mama. Nilikuwa nimelijua hilo nilipoamka, na nilikuwa nimefikiria kuzunguka kwa nyuma. Sikuzunguka. Ng'ombe alitembea polepole, mbavu zake zikihesabika kwa macho, na mimi mbele yake nikiwa na kofia yangu.

"Muzee wa kanisa," mama mmoja aliita kutoka kwenye foleni, "huyu unamupeleka kubatizwa ao kuzikwa?"

"Kupimwa," nikasema.

"Mupime mbiyo, mbele ya upepo kumubeba."

Foleni nzima ilicheka, nami nikapita. Kwa kweli haikuwa nzito kama nilivyoogopa.

Uwanjani tulikaa na ng'ombe mmoja kwa muda mrefu. Binti yangu alimpima mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ili tu tusionekane tumekaa bure. Kisha akaja mjane anayekaa nyuma ya shule ya msingi, na ng'ombe wake wa pekee, amemfunga kamba ya katani shingoni. Aliuliza kama jina lake litaandikwa. Binti yangu akasema hapana, Mama, tunaandika kifua, urefu na kilo, basi. Mjane akaitikia kwa kichwa, akampandisha ng'ombe wake, na kilo ziliposomwa aliniomba nimwombee ng'ombe. Sijawahi kuombea ng'ombe aliyekonda mbele ya watu. Wazuri nimewashukuria mara nyingi. Nilisema, Bwana, huyu naye ni wako na tunakushukuru kwa ajili yake, na sikupata zaidi, nikasema amina.

Mchana wakaja wengine. Walikuja kwa njia za nyuma, mmoja mmoja, kila mtu na maelezo yake: huyu alizaa mapacha, huyu aliumwa na kupe, huyu ni wa shemeji. Jioni alikuja yule rika langu na watatu. Watatu! Nilikuwa nimemjua tangu utotoni na nilidhani najua zizi lake lote. Hakunisalimia mpaka ng'ombe wake wote wakapimwa. Halafu akauliza wangu alikuwa na kilo ngapi, nikamwambia, akaguna, akasema wake mmoja ameshuka chini ya wangu, kwa hiyo ameshinda.

Mizani ilirudi Mbarara siku iliyopangwa. Binti yangu naye alirudi, na hatukumwona Jumamosi zilizofuata. Alipiga simu mara chache na kusema mashine inafanya kazi, umeme wa Kamukuzi unakatika, anaanza tena. Mama yake akamtumia unga na maharage kwa dereva wa teksi anayetujua. Mimi niliendelea kupanga mabenchi, na asubuhi tuliomba maneno yetu yale yale.

Aliniambia baadaye kilichotokea ndani ya mazizi. Ng'ombe wapya walipoingizwa, kanuni iliyokuwa ikijumlisha tu ilikufa kwa vizazi vichache. Ile isiyotumia urefu ilijitahidi, ikarefuka, ikashindwa na ushuru. Kisha mazizi mbalimbali, bila kuambiana, yakaanza kutoa kanuni ya umbo moja: kifua mara kifua mara urefu, kugawanya kwa tarakimu fulani, na kupunguza kidogo. Ilikuwa fupi. Mwalimu wake aliitazama akasema inafanana na kanuni ya zamani iliyomo vitabuni kwa ng'ombe wa ng'ambo, ila tarakimu ya kugawanya si ile, na lile la kupunguza halimo. Binti yangu alisikia uchungu kidogo, kufika mbali hivyo ukakuta watu wamewahi kupita. Mwalimu akamwambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuiamini, kwani programu haikuwa imeambiwa lolote.

Lakini tarakimu zake hazikuwa nzuri tena. Kosa la kanuni hii lilikuwa kubwa kuliko la zile za kwanza, maana ng'ombe waliokonda wanakonda kila mmoja kwa namna yake. Angesimama mbele ya walimu na kazi inayokosea zaidi ya ile waliyokwisha kuisifu. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, aliniambia, si kompyuta.

Siku ya kusimama mbele ya walimu nilikwenda Mbarara. Wageni waliruhusiwa, nikapewa kiti nyuma. Walizungumza Kiingereza, ambacho nakisikia kama mvua juu ya bati: najua inanyesha, sijui inasema nini. Niliangalia picha ukutani. Niliitambua mistari inayogombana na upande ule mweupe, kisha picha ya pili, ambapo upande wa kushoto ulikuwa na nukta. Mwalimu mmoja mwanamume, mwenye miwani, aliuliza kitu kwa sauti ya ukali, akaelekeza kalamu kwenye tarakimu. Binti yangu alirudisha picha ya kwanza, akaongea. Mwanamume yule akauliza tena. Akaongea tena, polepole zaidi, mikono yake ikiwa nyuma, kama anavyosimama akisomewa makosa na mama yake.

Kabla ya kuingia alikuwa amenieleza kwamba ng'ombe kadhaa, wanene na waliokonda, waliwekwa kando kwa kura wasionyeshwe programu kamwe, na kwamba siku hiyo kanuni ingejaribiwa kwao mbele ya walimu. Wa kwangu alikuwa mmoja wao. Nilipoona safu ya tarakimu ikitokea ukutani nilizitafuta kilo zake, ninazijua. Nikazipata, na kando yake kilo za kanuni. Zilikuwa pungufu kwa uzito wa mbuzi mdogo. Za ng'ombe wengine zilikuwa karibu zaidi. Kwa mmoja, mnene, ilikosea zaidi.

Tulitolewa nje wajadiliane. Binti yangu alisimama dirishani, akasema amejibu vibaya swali la pili. Nikamwambia kwangu lilisikika vizuri. Akaniambia, Papa, hukuelewa hata neno. Nikakubali.

Mlango ulifunguliwa akatoka yule mwalimu wake, mama wa mashariki. Alimwambia jambo kwa Kiingereza, akamshika bega, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili chake.

"Mzee, mtoto amepita. Iko kazi kidogo ya kurekebisha, lakini amepita. Wale wamependa sana ile ya ng'ombe konda."

Nilivua kofia. Binti yangu alijua kinachokuja, akaniomba kwa macho nisiombe kwa sauti pale, watu wakipita na mafaili. Nikaomba kwa sauti ya chini. Sikuwa na maneno mapya, nikatumia yale ya asubuhi, nikageuza tu maombi yakawa shukrani. Mlinzi aliyekuja kuchukua viti alingoja mpaka amina, halafu akachukua kiti.

Nikampigia mama yake simu. Nikamwambia amepita. Upande wa pili nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Amekula?" akauliza.

Nikamwuliza binti yangu. Hakuwa amekula tangu jana. Tukashuka ngazi kutafuta mahali wanapouza chakula.